Asili, Nakala na Mkasi: Uchambuzi wa Suala la Kuhamisha Video za Nyumbani Katika Diski Mpya

Katika nyumba nyingi za Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na katika nyumba za jamaa zao waliohamia Maskati, London na Toronto, limo kasha au mfuko ambamo kanda za video na diski za harusi, maulidi na mahafali zimelazwa pamoja kwa miaka, nyingine zikiwa na ukungu na nyingine zikiwa zimeandikwa kwa kalamu majina ya watu ambao leo hutajwa kwa kuombewa rehema. Wenye mali hiyo wanapotanabahi kwamba deki ya kuchezea kanda imekufa, au kwamba diski iliyokuwa ikionyesha nikaha ya wazee wao sasa inakwama katikati ya khutba, huenda kwa mafundi kutaka vitu hivyo vitiwe katika diski mpya, na huko hukutana na kauli zinazopingana. Fundi wa kwanza husema inakiliwe vilevile ilivyo, isizidishwe wala isipunguzwe. Wa pili husema ni kazi bure kunakili saa nne za watu wakila pilau bila ya kuzikata na kuzipamba. Wa tatu huzicheka diski zenyewe, akasema zama zake zimekwisha na kwamba kila kitu kitiwe katika flashi au kipandishwe kwenye intaneti. Mwenye kanda hurudi nyumbani na mashaka zaidi ya aliyokwenda nayo, na aghalabu huifuata kauli ya fundi mwenye bei nafuu.

Madhumuni ya uchambuzi huu ni kuzitia kauli hizo tatu katika mizani moja. Mashaka ya watu yana asili yake, nayo ni kwamba neno moja la "kuhamisha" limebebeshwa amali tatu zisizofanana: kunakili, ambako shabaha yake ni kuokoa kilichopo, kuhariri, ambako shabaha yake ni kumpendeza mtazamaji, na kuhifadhi, ambako shabaha yake ni kukidumisha kilichookolewa. Kila amali ina kanuni zake na ina maangamizi yake, na mtu aichukuaye kanuni ya moja akaitumia katika nyingine hupata hasara ambayo haioni siku ile, bali huiona miaka kumi baadaye.

Tulikotoka: kanda, diski na mitambo inayokufa

Betamax ya Sony ilitoka mwaka wa 1975, na VHS ya JVC ikaifuata mwaka wa 1976. Katika mashindano ya miaka michache VHS ilishinda, na ndiyo iliyoenea hata pwani yetu. Kwa Tanzania Bara jambo hili lilikuwa na sura ya peke yake, kwa sababu huko hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka wa 1994, ilhali Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Zanzibar ilikuwa na yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi kwa nyumba nyingi za Bara seti ya televisheni iliingia sebuleni kuitumikia deki kabla ya kuwapo tangazo lolote la kupokea, na kanda ikawa kitu cha kurudiwa, cha kuazimwa na cha kupelekewa jamaa. Baadaye zikaja kamera za kanda ndogo, Video8 mwaka wa 1985, Hi8 mwaka wa 1989 na MiniDV mwaka wa 1995; ikaja VCD mwaka wa 1993, na DVD ikaanza kuuzwa Japani mwezi wa Novemba 1996. Ndiyo maana ukoo mmoja waweza kuwa na arusi tatu za dada watatu katika vyombo vitatu ambavyo hakuna mtambo mmoja uwezao kuvichezesha vyote.

Kila chombo kilipoondoka kiliacha nyuma hekima yake, na hekima hiyo ikaendelea kutumika hata pale ilipokoma kuwa hekima. Katika zama za VHS kila mtu alijua kwamba nakala ni hafifu kuliko asili, na nakala ya nakala ni hafifu zaidi, rangi zikivuja na nyuso zikififia kila kanda inapozaa kanda nyingine. Katika zama za diski mambo yaligeuka: kilichoandikwa humo ni tarakimu, na tarakimu zinaponakiliwa sawasawa nakala ya mia moja hulingana na ya kwanza. Walakini tarakimu hizo zikifunguliwa na kukandamizwa upya, kama inavyotokea katika uhariri mwingi, uhafifu wa zamani hurudi kwa mlango mwingine. Kwa hiyo yuko anayeogopa kunakili diski kwa kudhani itafifia, ilhali haitafifia. Na yuko anayeikandamiza mara tatu kwa kudhani tarakimu hazifi, ilhali zinakufa mbele ya macho yake.

Fauka ya hayo, mitambo yenyewe inatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016, na Sony ilikomesha mwezi wa Februari 2025 utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia pamoja na kanda za MiniDV. Mwaka wa 2019 UNESCO, kwa ushirikiano na jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi wa sauti na video, IASA, ilitoa hadhari juu ya kanda za sumaku za ulimwengu mzima, na wataalamu wakautaja mwaka wa 2025 kuwa takriban ndio mpaka ambao baada yake mitambo na vipuri vingekuwa adimu mno. Mwaka huo umefika. Suala la kuhamisha, ambalo zamani lilikuwa la hiari, limekuwa la dharura.

Diski ni chombo cha namna gani

DVD ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2, nayo ni visahani viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja, na habari zake zimo baina yao. Diski ya filamu inunuliwayo dukani imepigwa chapa kiwandani, lakini ile itokayo studio ya mtaani imechomwa, maana yake mwale wa leza umeibadili rangi ya kikemia iliyopakwa ndani yake. Na rangi hiyo huchakazwa na jua, joto na unyevu, vitu vitatu ambavyo pwani haikunyimwa. Karatasi ya gundi iliyobandikwa juu, yenye picha ya bibi na bwana arusi, huweza kuivuta diski ikapinda au ikazunguka kwa kuyumba, na kwa hivyo pambo lililotiwa kwa heshima huwa ndilo sababu ya kukwama. Diski mbili zilizochomwa siku moja zaweza kuishi umri mbalimbali, kwa kadiri ya ubora wa rangi, mwendo wa kuchomea na mahali zilipowekwa.

Jambo la pili ni ujazo. Diski ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta huonyesha 4.37 kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024, na mnunuzi hudhani amepunjwa. Ujazo huo ni kama bakuli la uji: wageni wakizidi, kila mmoja hupata kidogo. Saa moja ya video hulijaza bakuli kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kanuni za DVD, yaani takriban megabiti 10 kwa sekunde. Saa tatu za kanda ya VHS ya E-180, zikisongwa katika diski moja, hubakiwa na takriban megabiti 3.5 tu, na hapo ndipo sura za watu wanaocheza ngoma zinapovunjika vipande vya mraba. Kanda hiyohiyo ikigawanywa katika diski mbili, kila upande hupata takriban 7, ambazo zinaitosheleza VHS. Hivyo fundi ajisifuye kwamba ametia harusi nzima katika diski moja ameokoa bei ya diski na kupoteza nyuso za watu.

Jambo la tatu ni mpangilio. Ndani ya DVD ya video limo folda la VIDEO_TS, na humo mna mafaili yaliyokatwa kila moja lisizidi gigabaiti moja, pamoja na mafaili madogo yanayoieleza deki kipi kianze na kipi kifuate. Mtu anayechukua faili moja kubwa tu na kuacha mengine hupata kipande kisicho na mwanzo wala mwisho. Na anayeyatia mafaili hayo katika diski mpya ovyo, pasipo mpangilio wake, hupata diski ambayo kompyuta huisoma lakini deki ya sebuleni huikataa. Tena zipo diski ndogo za milimita 80 zilizotumiwa katika kamera, ambazo hazisomeki penginepo mpaka zifungwe rasmi ndani ya kamera ileile iliyozirekodi, na zisizofaa kamwe kusukumwa katika kompyuta za tundu jembamba zisizo na sinia. Malalamiko mengi ya "diski mbovu" ni malalamiko ya diski nzima ambayo haikufungwa au haikupangwa.

Rai ya kwanza: inakiliwe kama ilivyo

Wenye rai hii husimama juu ya msingi wa uaminifu. Diski ikinakiliwa nzima, ama kwa kulichukua folda lote la VIDEO_TS ama kwa kutengeneza faili moja la sura ya diski nzima, hakuna kinachopungua. Kazi huchukua dakika chache. Na wala haihitaji mtu mwenye jicho la sanaa. Zaidi ya hayo, hakuna ajuaye leo ni kitu gani kitakachotafutwa kesho. Mpiga video alilenga kumwonyesha bibi arusi, lakini wajukuu watatafuta kumwona bibi yao aliyepita nyuma amebeba sinia. Mtafiti wa lahaja atatafuta nyimbo za vugo zilizosikika ua wa pili. Na mwenye kujali historia ya mji atatafuta baraza, mlango na mtaa ambao tangu hapo umevunjwa ukajengwa ghorofa. Kilichoitwa takataka na mhariri wa mwaka ule huenda kikawa ndiyo johari ya mwaka huu.

Dosari za rai hii ni tatu. Kwanza, nakala kamili hunakili na taksiri zote: picha za sakafu wakati mpiga video alipoisahau kamera ikiwaka, dakika kumi za giza, na mtazamaji asiyestahimili saa nne huizima katika ya kwanza. Pili, neno "kama ilivyo" lina maana timamu kwa diski na kwa MiniDV, lakini kwa VHS na Hi8 halina, kwa kuwa kanda hizo si tarakimu na hakuna budi zigeuzwe, na kugeuza ni kuchagua: kiwango gani, deki ipi, mfumo gani. MiniDV yenyewe hutoa tarakimu zake kwa waya wa FireWire pasipo upungufu, lakini saa moja ni takriban gigabaiti 13, ambazo diski moja ya DVD haiwezi kuzibeba zikiwa salama. Tatu, diski iliyokwaruzika hunakiliwa kwa shida, maana unakili wa kawaida husimama mahali pa kwanza pasiposomeka. Hutakiwa programu za subira, ziruke kidonda, zivune kilicho kizima, kisha zirudi kukijaribu kile kidonda mara kwa mara.

Rai ya pili: ihaririwe kwanza

Wenye rai ya pili husema, nao wana hoja, kwamba kumbukumbu isiyotazamwa ni sawa na kitabu kilichofungwa kwa misumari. Uhariri wenye busara huondoa giza na kurudiarudia, hupandisha sauti iliyofifia, hugawanya shughuli katika milango ili anayeitaka nikaha asipitie kwenye karamu, na huandika majina ya wazee kabla majina hayo hayajasahauliwa. Saa nne zikiwa dakika sabini, familia hukaa pamoja ikatazama, na diski moja ikatosha kwa kiwango cha juu.

Lakini mkasi una gharama, na gharama ya kwanza ni ya ufundi. Video ya DVD hukandamizwa kwa kanuni ya MPEG-2, ambayo haihifadhi kila picha kwa ukamilifu wake, bali huhifadhi picha kamili moja kisha huandika tofauti tu za zile zinazofuata, kwa mafungu ambayo kwa mfumo wetu wa PAL aghalabu hayazidi picha 15, yaani kama sekunde 0.6. Ukikata mwanzoni mwa fungu, hakuna kinachovunjika. Ukikata katikati, hakuna budi fungu lile lijengwe upya. Programu zijuazo kanuni hii hukata penye mipaka na kuacha mengine yote kama yalivyo; nyingine, na ndizo nyingi, huifungua video nzima na kuikandamiza upya toka mwanzo hata mwisho kwa ajili ya mkato mmoja wa nusu dakika. Tena picha za televisheni ya zamani ni nusu-picha 50 kwa sekunde zilizosukwa mistari kwa mistari. Mhariri asiyelijua hilo hutoa video yenye meno ya kitana kila mtu anapotikisa mkono, au hutupa nusu moja na kuupunguza mwendo wa asili. Na diski iliyotoka kwa jamaa wa Marekani au Kanada kwa mfumo wa NTSC, wenye picha takriban 29.97 kwa sekunde badala ya 25, ikichanganywa na ya PAL pasipo uangalifu, hutoa harusi inayotembea kwa mishtuko.

Gharama ya pili ni ya maana, nayo ni kubwa zaidi. Desturi ya studio nyingi ni kulaza wimbo wa taarabu au wa kisasa juu ya sherehe nzima, na hapo hufutwa sauti ya asili: kauli ya walii alipouliza, vigelegele, mawaidha ya somo, na sauti ya mzee ambaye pengine hakurekodiwa penginepo maishani mwake. Kadhalika ndoa inapovunjika, huja ombi la kumtoa mume au mke aliyeachwa, na mkasi unapomtoa huyo huwatoa pia waliosimama kando yake. Watoto wa ndoa hiyo wakija kukua, hukuta baba yao alifutwa kabla wao hawajaulizwa. Maumivu ya leo yana haki ya kusikilizwa, lakini hayana haki ya kuwa hakimu wa pekee juu ya urithi wa watu wengi. Ubaya wa kuhariri kwanza hauko katika kukata, uko katika kukata kisha kutupa.

Rai ya tatu: achana na diski

Rai ya tatu imejengwa juu ya uchumi wa mitambo. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la diski, televisheni mpya husoma flashi, na simu ndiyo sinema ya kizazi hiki. Faili lililo katika diski ngumu hunakiliwa kwa dakika, hupelekwa Maskati au London bila ya posta, na halikwaruziki. Kwa video iliyogeuzwa toka VHS, hakuna hata haja ya kuisonga katika kipimo cha gigabaiti 4.7, kila saa hupewa nafasi inayostahili.

Hata hivyo watetezi wa rai hii husahau kwamba chombo kipya nacho kina mauti yake. Flashi huhifadhi habari kwa chaji za umeme ambazo hupotea polepole inapokaa muda mrefu bila ya kutumiwa, na udogo wake huifanya ipotee mfukoni pamoja na harusi mbili na mazishi mamoja. Diski ngumu ina sehemu zinazozunguka, na ikianguka mara moja huenda ikaondoka na mambo yote, ilhali diski kumi za DVD zikianguka, huvunjika moja. Hifadhi ya intaneti hudai malipo kila mwezi na nywila ambayo mzee akifariki nayo, warithi hubaki nje ya mlango. Ama kutuma kwa WhatsApp, huko si kuhamisha bali ni kukamua, kwa kuwa video hukandamizwa sana ipate kupita haraka, na anayeipokea hudhani amepata asili. DVD ina sifa moja ambayo wapya hawanayo: ikishachomwa na kufungwa kwa aina ya R haifutiki kwa kidole cha mtoto wala haishikwi na kirusi cha kompyuta. Kwa upande wa umri, zipo diski za M-DISC ambazo watengenezaji wake walidai kuwa zingeweza kuishi hata miaka 1,000. Dai hilo hakuna mwanadamu atakayelithibitisha, na hata likiwa kweli, halimsaidii mtu asiye na mtambo wa kuisomea.

Sitara, idhini na haki

Liko jambo ambalo mafundi wa rai zote tatu huliruka, nalo kwa watu wa pwani ni zito kuliko gigabaiti. Sherehe za wanawake katika arusi za Mombasa, Lamu na Unguja, kama kupamba na singo, zilirekodiwa na wapiga video wanawake, katika kumbi walimoingia wanawake peke yao, na waliohudhuria walivua mabuibui kwa amana kwamba kanda itabaki mikononi mwa jamaa. Amana hiyo haikwisha muda wake kwa kuwa kanda imezeeka. Anayeichukua kanda hiyo akaiacha siku tatu katika kibanda cha kuchomea diski, penye vijana na kompyuta inayobakiza nakala ya kila kazi, ameivunja amana hata kama kila mtu katika kibanda kile ni mwema. Seuze anayeipandisha kwenye intaneti ili shangazi wa ng'ambo aione.

Sheria nayo imeanza kuifuata desturi. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka wa 2019 na Tanzania mwaka wa 2022; ile ya Kenya huziacha nje shughuli za mtu binafsi zilizo za nyumbani tupu, lakini kinga hiyo ya nyumbani haimfuniki mwenye studio anayefanya biashara. Ziko pia haki za watunzi, zinazolindwa Kenya na sheria ya mwaka wa 2001 na Tanzania Bara na ile ya 1999: wimbo wa mtu uliowekwa juu ya harusi hauwi mali ya bwana arusi. Mivutano mingi ya namna hii ingekwisha kwa karatasi moja inayosema, kabla ya kazi kuanza, nani atabaki na nakala na lini studio itafuta yake.

Hapa uaminifu wa rai ya kwanza hugongana na sitara. Nakala kamili humhifadhi kila mtu, hata yule asiyependa kuonekana. Nakala iliyohaririwa humsitiri, lakini hupunguza ukweli wa tukio. Hili haliondoki kwa kuchagua upande mmoja. Huondoka kwa kutenganisha kinachowekwa na kinachogawiwa.

Mizani

Tukizipima rai zote tatu, tunaona kwamba kila moja ni sahihi katika daraja yake na ni kosa katika daraja ya mwenzake. Kunakili bila ya mkasi ni kanuni ya daraja ya kwanza. Kanda ichezwe mara moja katika deki nzima iliyosafishwa vichwa, kwa kuwa kanda yenye ukungu huenda isistahimili mara ya pili, na igeuzwe kwa kiwango cha juu kadiri nafasi inavyoruhusu. Diski inakiliwe nzima pamoja na mpangilio wake. MiniDV itolewe kwa tarakimu zake zenyewe. Kitakachopatikana hapo ndicho kiitwe asili mpya, nacho kisiguswe na mhariri. Itangulizwe kanda kabla ya diski, na diski iliyochomwa kabla ya ile ya kiwandani, kwa kuwa iliyo karibu na mauti ndiyo ihudumiwe kwanza.

Kuhariri ni kanuni ya daraja ya pili, na hufanywa juu ya nakala ya ile asili mpya. Hapo mhariri na awe huru: akate, apange milango, aandike majina, awasitiri wanaotaka sitara, na akitaka wimbo autie, kwa kuwa sauti ya asili imebaki salama kwingine. Hata ombi la kumtoa aliyeachwa laweza kukubaliwa katika daraja hii bila ya dhuluma, kwa sababu halimfuti mtu, humwondoa tu katika nakala ya sebuleni. Na akandamize mara moja tu, mwishoni, badala ya kukandamiza kila hatua.

Diski mpya, kwa upande wake, ina cheo chake katika daraja hii ya pili, nacho ni cheo cha mjumbe. Inafaa kumpelekea mzee mwenye deki na asiye na simu ya kisasa, inafaa kutolewa zawadi, na inafaa kuwa nakala moja miongoni mwa nakala kadhaa. Haifai kuwa sanduku la pekee la urithi. Hukumu hiyohiyo yazihusu flashi na hifadhi ya intaneti. Wahifadhi wengi hufuata kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine, kwa kuwa moto, mafuriko na mwizi havichagui chombo. Kwa familia ya kawaida kanuni hiyo yaweza kutimizwa kwa diski ngumu mbili katika nyumba mbili za ndugu na DVD zilizochomwa vizuri, zikawekwa wima ndani ya vikasha, penye kivuli na pakavu, zikajaribiwa kila baada ya miaka michache. Kazi ya kanda za kupamba ikabidhiwe kwa fundi mwanamke, au ifanywe nyumbani.

Pingamizi iliyobaki ni ya gharama, nayo si ndogo: njia ya daraja mbili hutaka nafasi zaidi, muda zaidi na fundi mwenye subira zaidi kuliko njia ya kuchoma na kuondoka. Walakini gharama hiyo hulipwa mara moja, na yaweza kugawanywa katika ukoo. Gharama ya kukata kwanza hulipwa na wasiokuwapo, na hakuna malipo yanayoweza kuirudisha khutba iliyofutwa.

Muhtasari

Alhasili, swali la kwamba tunakili, tuhariri au tuache diski limeulizwa vibaya, kwa kuwa linataka jibu moja la kazi tatu. Nakala nzima hutangulia. Mkasi hufuata, na hufanya kazi juu ya nakala. Diski, flashi na intaneti hubeba matokeo, na hakuna hata kimoja kati yao kinachostahili kuaminiwa peke yake. Juu ya yote husimama idhini ya waliopigwa picha, ambao amana yao haipungui kwa kuzeeka kwa kanda. Basi mwenye kasha na alifungue mwaka huu, maadamu deki moja inayozunguka bado yapatikana mtaani, na ampe fundi sharti moja kabla ya kutaja bei: asitupe chochote mpaka nakala nzima iwe imechezwa toka mwanzo hata mwisho na kuonekana kuwa inasomeka.